Matundu Mawili Juu ya Mfuko

Kitu nilichokiona kwanza kilikuwa matundu mawili madogo kwenye koti la papa, baba yangu. Yalikuwa upande wa kushoto, juu kidogo ya mfuko, na mtu alikuwa ameyazungushia uzi wa kijani ili kitambaa kisichanike. Kazi yangu ni kushona matundu ya vifungo kwa fundi mmoja hapa Mususa, mtaa wa Butembo, kwa hiyo jicho langu huenda huko lenyewe. Uzi ulikuwa umevutwa mno upande mmoja, na fundo lilikuwa nje badala ya ndani. Nikajua ni mkono wa papa. Nililifua lile koti la kisoda, la jeshi, nikalianika, wala sikumwuliza kitu. Papa hakuwa na chochote cha kutundika pale. Alikuwa ametengeneza mahali kwanza.

Papa ni Adjudant Kakule. Alitoka jeshini baada ya kukatwa mguu wa kulia, na tangu hapo tunaishi kwenye kiwanja cha koko Séphora, mama wa mama yangu. Mtaani anaitwa Kakule Mguu, kwa sababu akina Kakule ni wengi na kila mmoja lazima awe na alama yake. Jioni huenda na magongo yake mahali wanapouza kasiksi. Watu wanampa kiti, wanammiminia ile pombe ya ndizi, halafu wanaanza.

“Adjudant, siku ile ulikimbiaka mbio gani mpaka mguu ikabakia nyuma?”

Papa anacheka nao. Akirudi nyumbani hali chakula.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Kwenye dossier yake ya jeshi kuna siku aliyoingia, siku aliyotoka, na neno moja la Kifaransa linalosema mwili wake haufai tena. Vita vya Eringeti, alikopoteza mguu, havimo. Commandant wake alikuwa amemwahidi, papa akiwa kitandani hospitalini, kwamba ataandikiwa medali mbili, moja ya majeraha na moja ya ushujaa. Kisha commandant akahamishwa, akafia mbali, na ahadi ikafa naye. Papa aliniambia mara moja tu kwa nini inamuuma. Alisema askari mwenye medali akifa, wenzake wanakuja na bendera, wanapiga saluti, na hata waliokuwa wanamcheka wanavua kofia. “Mi nikikufa vile niko,” akasema, “watakuja na jembe tu.”

Miaka yote alikuwa akiambiwa kwamba mambo hayo ni ya Kinshasa. Lakini Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, wakubwa wengi wa jeshi walihamia Beni na bureau zao, na papa akasikia kwamba mtu anaweza kupeleka ombi lake huko, akiwa na mashahidi wawili walioona kwa macho. Ndipo aliposhona yale matundu.

Lazima niseme kuhusu Eringeti, ingawa nilikuwa mtoto. Wake za askari huku kwetu hawabaki nyuma mjini kungoja barua. Wanafuata. Askari wakipewa mahali pa kulinda, nyuma yao zinaota nyumba za majani, na ndani yake mna sufuria, kuku, na watoto. Mimi nilikulia hivyo, kambi hii mpaka kambi ile, na ndiyo maana shule niliiacha darasa la nne. Pale Eringeti nyumba zetu zilikuwa ukingoni mwa shamba la kakao. Adui alikuja alfajiri, watu wakiwa bado wanawasha moto. Mama alinisukuma chini ya kitanda, akavuta gunia mbele yangu, akatoka.

Hakurudi. Papa alipopona alituambia, mimi na koko Séphora, kwamba Florentine alikimbia na wanawake wengine kuelekea msituni, na risasi ikamkuta mgongoni. Basi, mimi ni yule msichana ambaye mama yake alimwacha chini ya kitanda. Hakuna aliyenitukana kwa hilo. Walinihurumia, na huruma ile ilinifunga mdomo kuliko matusi. Koko naye alijifunga kwa namna yake. Kwenye misa ya marehemu anataja wafu wake wote kwa sauti, kaka zake, mume wake, watoto waliokufa kwa surua. Jina la Florentine analisema chini kwa chini, kama mtu anayeomba radhi.

Kuna kitu nilikuwa nimekiona siku ile kupitia tundu la gunia. Kitu kipana, kimeinama, kinapita karibu na nyumba kwa hatua nzito. Nilipomwuliza papa baadaye, alisema ni mtu alikuwa anakimbia na gunia lake la makala, yale makaa ya kupikia. Mimi nikakubali. Watoto wa kambi wanajua kukubali.

Shahidi wa kwanza alikuwa papa Jamali Musafiri, mwenye gari la Fuso linalopakia kakao na mbao kati ya Eringeti, Beni na Butembo. Siku ya vita gari lake lilikuwa barabarani pale, na ni yeye aliyewafikisha majeruhi Mavivi, kwenye uwanja wa ndege. Ni Mwislamu wa Beni, mtu wa maneno machache, na mkononi hashiki simu, anashika tasbihi. Alikuja kutuchukua Mususa mwenyewe. Papa alikaa mbele, amevaa koti, na mimi nikakaa katikati yao na mfuko wa karatasi zake za jeshi juu ya magoti.

Njiani papa Jamali alisimulia siku ile, kama anavyosimulia kila anapokutana na papa. Alisema alikuwa amelala chini ya usukani, mota inawaka, anasoma dua zote anazozijua. Alisikia watu wanawekwa nyuma, mmoja, mwingine, mwingine tena. Hakuinua kichwa. Risasi zilipopungua alishuka kufunga mlango wa nyuma, akaona mwanamke amelala kando ya tairi, amekufa.

“Mwanamuke wa shamba,” akasema. “Kitambaa imeanguka, ukanda iko bado ku kichwa. Mais mzigo hakuna. Nilitafuta na macho, mihogo, kuni, hakuna. Mpaka leo ninajiulizaka: mzigo yake ilienda wapi?”

Papa alikuwa anaangalia nje, upande wa mashamba. Alisema barabara imeharibika sana tangu mvua zianze.

Huo ukanda, kila mtu wa huku anaujua. Ni kamba pana iliyosokotwa, inazunguka mzigo mgongoni na kupita kwenye paji la uso, na shingo ndiyo inayovuta. Wanawake wetu wanabebea kuni, mihogo, maji, mawe ya kujengea. Koko Séphora ana bonde kwenye paji la uso, kutoka sikio hadi sikio, na kidole kinaweza kulala ndani yake. Wanaume hawaugusi. Mwanaume atabeba begani, atabeba kichwani, atasukuma baiskeli au chukudu ya mbao. Lakini mwanaume wa Kinande, kabila letu, akionekana na ukanda kichwani, hata wajukuu zake wataimbiwa kwa kejeli.

Beni tulimkuta shahidi wa pili, Lusenge, anayechunga ghala la kakao. Yeye alipigwa risasi ya tumbo siku ile. Alikuwa mmoja wa watu wawili ambao papa alisema aliwatoa kwenye risasi. Wa pili, Kamate, alikufa Mavivi kabla ndege haijafika. Lusenge alimkumbatia papa muda mrefu, kisha akanisalimia akiangalia viatu vyangu. Nilidhani ni haya. Mimi mwenyewe husalimia hivyo.

Kwenye bureau tulipokewa na kapiteni mwenye miwani, kijana kuliko papa, mtu wa magharibi ya nchi, Kiswahili chake kimejaa Lingala. Hakuwa mbaya. Alimpa papa kiti kabla ya kuketi mwenyewe, akamwita vieux, yaani mzee, akamwita mura kama askari wanavyoitana. Mimi nilisimama ukutani, na Lusenge na papa Jamali wakaketi kwenye benchi.

Ile ya majeraha ilikwisha upesi. Kapiteni alisema mguu wa papa unajisemea wenyewe. Ile ya ushujaa, akasema, anataka kuisikia.

Papa alisimulia kama nilivyomsikia akijifunza peke yake nyumbani. Adui walikuja alfajiri. Lusenge akaanguka, Kamate akaanguka. Yeye akamchukua mmoja hadi barabarani kwenye gari, akarudi, akamchukua mwingine. Alipofika garini mara ya pili ndipo naye akapigwa mguu. Alisema yote bila kukwama, mgongo umenyooka, na mimi nilijisikia vizuri. Niliyaangalia yale matundu mawili, nikafikiri kwamba labda watu wa kasiksi sasa watanyamaza.

Kapiteni aliinua kalamu. Aliuliza aliwabeba namna gani, begani?

“Hapana, mokonzi. Mugongoni.”

Mgongoni namna gani, kapiteni akauliza, na mtu wa risasi ya tumbo hawezi kujishika shingoni?

Hilo papa hakuwa amejifunza. Lusenge pale kwenye benchi alianza kukunja kofia yake. Nilimwona papa akitafuta jibu, na macho yake yakaenda mbali, na aliporudi alikuwa na sauti nyingine, ya chini, ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

“Na ukanda,” akasema. Aliegemeza gongo ukutani, akaweka kiganja kwenye paji la uso. “Inapitaka hapa. Inashika mutu chini ya makalio, inamufunga ku mugongo kama muhogo. Mutu mwenye iko juu haone njia. Anaona miti tu. Anasikia ukanda inalia, kwii, kwii, kila hatua. Na anasikia pumuzi ya mwenye kumubeba. Anataka kusema, unishushe, utakufa. Mais sauti haitoke.”

Kapiteni alikuwa anaandika haraka, amefurahi. Alisema wengi wanakuja pale kumdanganya na anawajua kwa maneno yao, yote ni bunduki na bendera. “Mutu mwenye hakukuwa pale,” akasema, “hawezi kujua ukanda inalia namna gani.”

Alikuwa amesema kweli, na ndani ya chumba kile ni yeye peke yake aliyekuwa hajui ni kweli gani.

Tasbihi ya papa Jamali ilikuwa imesimama. Aliomba kutoka kidogo. Papa akachukua magongo, akamfuata, na mimi nikamfuata papa kwa sababu mfuko wa karatasi ulikuwa kwangu. Nyuma ya ile bureau kulikuwa na pipa la maji na nguo za askari zimeanikwa. Papa Jamali alisimama kati ya zile nguo. Hakupandisha sauti.

“Kakule. Mzigo yake ilikuwa ndani ya camion yangu.”

Papa aliegemea pipa la maji.

“Miaka yote ninakuelezea juu ya ule mwanamuke. Unanisikiliza tu. Unaniacha nimuite mwanamuke wa shamba.” Alivuta pumzi. “Alikuwa nani?”

“Florentine,” papa akasema.

Mfuko wa karatasi ulikuwa mikononi mwangu, na nilianza kuukunja mdomo, kuufungua, kuukunja. Wote wawili hawakuniangalia. Mtu asiyesema husahaulika upesi, na hapo papa aliyasema yote, kwa kukatakata. Kwamba yeye ndiye aliyepigwa wa kwanza, kabla hata hajafunga viatu vizuri. Kwamba mama alitoka kwenye nyumba na ukanda wake wa kuni, akamchukua Kamate kwa sababu alikuwa analia zaidi, akamchukua Lusenge, akamchukua yeye mwisho, na yeye alikuwa mzito kuliko wote. Alimwegemeza kwenye gari, watu wawili wakamvuta ndani, na ukanda ulipolegea ndipo alipoanguka, kumbe naye alikuwa ameshapigwa risasi. Kwamba kule Mavivi commandant aliwakuta wote watatu pamoja, akadhani ni papa aliyewatoa wengine, akampongeza mbele ya watu. Papa alikuwa na homa. Alinyamaza. Asubuhi iliyofuata uongo ulikuwa umeshafika kila mahali, na yeye alikuwa hajafungua kinywa.

“Na ulisema alikimbia,” papa Jamali akasema.

“Ningesema nini? Ku batu ya Butembo? Ya kama bibi yangu alinibeba na ukanda?”

“Ungesema hivyo.”

“We haujui batu yetu.”

“Ninaishi nabo.”

Papa alikaa juu ya tofali kando ya pipa. Mguu wake wa suruali usio na kitu ndani ulikuwa umefunguka pini, na kwa mazoea nilipiga magoti nikaufunga. Alikuwa anaongea juu ya kichwa changu.

“Florentine hana matricule, namba ya jeshi,” akasema. “Nikiomba hata mpaka nizeeke, jina yake haina fasi ya kuingia. Hapana musoda, hapana kintu. Mimi niko na fasi. Acha ile kazi iandikwe, hata juu ya jina yangu. Kama sivyo itapotea yote, yeye na kazi yake.”

Nilitaka kuyachukia maneno yale. Lakini yalikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli ule uliniuma kuliko uongo. Kama angekuwa mwizi tu, ningejua la kufanya na moyo wangu.

Papa Jamali alisema hatatia sahihi kitu ambacho hakukiona, lakini alichokiona atakisema chote. Akarudi ndani. Nilimsikia kupitia dirisha. Alimwambia kapiteni kuhusu mwanamke aliyelala kando ya tairi na ukanda kichwani, akasema ni huyo aliyewabeba, wote watatu, na akaomba aandikwe. Kapiteni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama yule mama alikuwa mwanajeshi.

“Hapana.”

“Matricule?”

“Hana.”

“Donc ni raia. Mungu amurehemu. Mutu mwenye anakufa kando ya barabara, papa Jamali, kila mutu anaweza kumuelezea vile anataka.” Kiti kililia. “Mimi niulize kitu moja tu. Majeruhi walikuwa ndani ya camion yako, ndiyo ama hapana?”

Nilimsikia papa Jamali akigusa tasbihi.

“Ndiyo.”

“Basi, imetosha. Weka sahihi hapa.”

Na hivyo ukweli wake ukawa msumari wa pili wa uongo ule ule. Lusenge alitia sahihi baada yake. Alipotoka alipita karibu nami, na safari hii aliniangalia usoni.

“Uko na shingo yake,” akasema, akaenda zake ghalani.

Tulirudi Butembo kwa gari lingine, kwa sababu papa Jamali alisema ana mzigo wa kungoja. Tulipopita Maboya papa aliinamisha kichwa karibu na sikio langu. “Koko yako asijue.” Niliitikia kwa kichwa. Ndivyo ninavyoitikia vitu vyote.

Baada ya hapo niliishi na jambo lile kama mtu anayeishi na mfupa wa samaki kooni. Kwa fundi nilikosea matundu, nikatoboa shati la mwalimu mahali pasipo na kifungo. Koko aliniuliza kama kuna mvulana. Nilianza kumtazama anapoinama kufunga kuni, jinsi anavyoweka ukanda kwanza chini ya vidole viwili, anaupima, kisha anausogeza palipo na bonde lake. Mama lazima alifundishwa na yeye. Mikono ile ndiyo iliyomfundisha jinsi ya kuinuka na mzigo bila kuvunja kiuno, goti moja kwanza. Na koko huyo huyo alikuwa na haya na mtoto wake.

Medali zilitolewa Beni siku ya mvua nyembamba, kwenye uwanja, mbele ya askari waliosimama mistari. Walimwita papa kwa jina lake lote na cheo chake. Mmoja akasoma Kifaransa, mwingine akarudia kwa Kiswahili: kwamba chini ya risasi, bila kujali maisha yake, aliwabeba wenzake mgongoni mpaka mahali pa usalama. Waliacha ukanda. Labda haukusikika vizuri katika Kifaransa.

Yule mkubwa aliyemvisha alikuwa na mikono mikubwa. Medali zilikuja na pini zake, na yeye akazichoma alipopenda, juu zaidi, moja imepinda. Yale matundu mawili ya uzi wa kijani yalibaki chini yake, wazi, hayana kitu. Papa alipiga saluti akiegemea gongo moja. Alikuwa analia, na watu walipiga makofi kwa sababu ya machozi yale.

Mususa walikuwa wameshasikia. Tulipofika, kiwanja cha koko kilikuwa kimejaa viti vya kuazima. Wale wa kasiksi walikuja na kasiksi yao wenyewe. Yule aliyependa kuuliza kuhusu mbio na mguu alisimama na kikombe, akasema amekosea miaka yote, kumbe mguu wa Adjudant ulibaki nyuma kulinda nchi. Watu wakacheka kicheko cha heshima. Papa akacheka pia. Walimwita mon Adjudant, na hakuna aliyesema Kakule Mguu.

Koko Séphora alikuwa amechinja jogoo, yule aliyemtunza kwa ajili ya Noeli. Alimletea papa paja na firigisi, akaweka sahani mbele yake kwa mikono miwili, akabaki amesimama. Kisha akanyoosha kidole na kugusa medali ile iliyopinda. Watu walinyamaza, kwa sababu koko si mtu wa hotuba.

“Mukwe wangu, unisamehe,” akasema. “Mutoto wangu alikimbia mwanaume kama huyu. Akaacha na mutoto yake chini ya kitanda. Mi njo nilimuzaa. Haya yake ni yangu.”

Mwanamke mmoja alisema, koko, wacha hayo, leo ni siku ya furaha. Mwingine alitikisa kichwa kwa huruma, akaniangalia mimi.

Papa alikuwa na nyama mdomoni. Niliona taya lake limesimama. Niliona mkono wake umepanda kifuani, na kidole kinapapasa chini ya medali, kinaingia katika tundu moja, kinatoka, kinaingia katika la pili. Nilifikiri, sasa. Nilikuwa tayari kumsamehe yote, kambi, makala, miaka, kama angesema neno moja tu. Aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Maboya.

Kisha akatafuna. Akameza. Akasema, “Tumuachie Mungu, mama.”

Koko aliinamisha kichwa, akamshukuru.

Nilichukua sahani tupu nikaenda nazo jikoni. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ukanda wa koko ulikuwa umening'inia, mweusi kwa jasho lake. Niliuweka kwenye paji langu la uso, nikauvuta kwa mikono miwili kuelekea nyuma, na ukalia. Kwii. Koko aliingia kutafuta chumvi, akanikuta hivyo, akauliza niko na nini.

“Hapana kitu, koko,” nikasema.

Hayo ndiyo niliyoyasema kwa mdomo. Wageni walikunywa, wakaimba, wakaenda. Papa alilaza koti lake juu ya kiti, medali juu, na wiki ile ile watoto wa mtaa walikuja kuziangalia wakiwa wamenawa mikono. Mwezi wa kumi na moja ukafika, na kwenye misa ya marehemu nilikuwa nimekaa kando ya koko alipofika kwenye jina la Florentine na kushusha sauti. Nilifungua mdomo. Padri akaendelea.

Sasa ninalisema lile jambo, koko. Mama hakukimbia. Nilimwona kupitia tundu la gunia. Alikuwa ameinama kama ulivyomfundisha, ukanda kichwani, na mgongoni mwake hakukuwa na makala. Niliona buti moja inaning'inia na kamba zake hazijafungwa. Alikuwa amembeba papa.